Kutoka Mbeya Hadi Tunguu: Namna ya Kupima Kama Chuo cha Serikali Kisiwani Kinakufaa

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kuna mzazi anayenisimamisha njiani. Mwaka huu alikuwa mama mmoja pale Mwanjelwa, ndoo ya parachichi kichwani. "Mwalimu, mwanangu anataka kuvuka maji. Nimruhusu?"

Nikamuuliza mtoto anataka kusoma nini. Hakujua. Nilipompata mwenyewe nikamuuliza swali lilelile. Akanitolea simu, akanionyesha picha ya rafiki yake kaegemea ngalawa, bahari ya kijani nyuma yake. Nikamwambia picha nimeiona, sasa anitajie kozi. Kimya.

Mwongozo huu nimewaandikia vijana kama huyo na wazazi wao, walioko Mbeya, Rungwe, Kyela, Njombe, Makete, Mafinga, Iringa. Sikusudii kumzuia mtu asiende Zanzibar. Ninachotaka ni aende akiwa amepiga hesabu.

Hatua ya kwanza: Hakikisha unazungumzia chuo kipi

Unaweza kuona hili ni jambo la kitoto, lakini nimeshuhudia linavyowaangusha watu. Pale Tunguu, nje ya mji wa Unguja kwenye njia ya kwenda Makunduchi, kuna vyuo vikuu viwili ambavyo majina yao yanakaribiana sana. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, ni cha serikali. Kilianzishwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 1999. Kingine ni Chuo Kikuu cha Zanzibar, ambacho ni binafsi. Vyote ni vyuo halali na vyote vina wahitimu wao, ila ada ni tofauti, kozi ni tofauti na namba za kozi ni tofauti. Ukijaza kimoja huku akilini una kingine, hakuna wa kukurekebishia.

Kitu cha pili: SUZA haikai sehemu moja. Makao makuu ni Tunguu, lakini kwa miaka kadhaa sasa serikali imekuwa ikiunganisha taasisi zake za zamani chini ya chuo hiki. Ndiyo maana utasikia Vuga, katikati ya mji. Maruhubi, kwenye mambo ya utalii. Mbweni, kwenye afya. Beit-el-Ras, walikotoka walimu wengi. Chwaka, pwani ya mashariki. Na kampasi nyingine kabisa kisiwani Pemba. Kwa hiyo ukiona kozi imekuvutia, swali linalofuata ni moja tu: inafundishiwa wapi? Kukaa Vuga ni kukaa mjini. Kukaa Chwaka ni kukaa kijiji cha wavuvi. Na ukipangiwa Pemba, baada ya boti ya kwanza kuna boti ya pili. Ulizia kampasi kabla ya kujaza, usisubiri barua.

Hatua ya pili: Andika kozi kwanza, chuo baadaye

Chukua karatasi. Andika kozi tatu unazozitaka kweli. Halafu pembeni ya kila moja andika ni chuo gani cha serikali cha karibu na kwenu kinaifundisha.

Kama umeandika uhandisi, MUST, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, iko hapahapa mjini, na sioni sababu ya kuvuka bahari kuutafuta uhandisi. Kama ni ualimu, hasa wa sayansi, Mkwawa iko Iringa, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Biashara na utawala, Mzumbe wana ndaki yao Mbeya. Udaktari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Sayansi za Afya hapahapa Mbeya, na wanafunzi wake unawaona kila siku na makoti meupe wakielekea Hospitali ya Rufaa.

Sasa tazama zile ambazo pembeni yake pamebaki patupu, au umeandika kitu usichokiamini. Kisiwa kinaanza kuwa na maana hapo. Utalii na ukarimu, kwa mfano. Unaweza kuusomea sehemu nyingi nchini, lakini Unguja hoteli ziko kwenye mstari wa daladala, kwa hiyo mafunzo kwa vitendo hayahitaji kumjua mtu. Kiswahili nacho hivyohivyo. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu enzi za ukoloni, na taasisi ya Kiswahili pale Vuga ilianza 1979 kabla haijaingia chini ya SUZA. Mtu wa Tukuyu anayetaka kuishi kwa Kiswahili, awe mwalimu wa wageni, mfasiri au mhariri, atajifunza mengi barazani kwenye kahawa kuliko darasani, na darasani nako si haba.

Mwenye ndoto ya sayansi za bahari namshauri asikimbilie. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Unguja tangu 1978, lakini jina lake liko zaidi kwenye shahada za juu. Shahada ya kwanza kasome biolojia au kemia mahali pazuri popote, kisha uvuke.

Ukimaliza karatasi yako na kila kozi ina chuo cha karibu kinachokuridhisha, huna haja ya kuendelea kusoma. Unataka kwenda kutembea tu. Nenda likizo.

Hatua ya tatu: Pima sifa zako kwenye kitabu, usisikilize vijiwe

Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kila mwaka, na SUZA imo humo kama vyuo vya bara, kwa sababu elimu ya juu ni jambo la Muungano. Kiwango cha chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, masomo gani na pengine daraja gani kwenye hesabu au Kiingereza cha kidato cha nne. Soma mstari wa kozi yako hadi nukta ya mwisho.

Halafu kuna suala la steshenari, na hapa nina kidonda. Mwanafunzi wangu mmoja, binti mwenye akili zake, alienda kujaziwa maombi na kijana wa steshenari. Kijana akatumia barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu, "ili iwe rahisi." Binti akapata vyuo viwili. Anayepata zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo anachokitaka. Namba ikaenda kwa kijana, kijana alikuwa amehamia Tunduma, simu haipatikani. Muda wa kuthibitisha ukapita. Tulihangaika wiki nzima.

Kaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Barua pepe iwe yako, namba iwe yako, nywila iandike kwenye daftari. Huyo wa steshenari mlipe kwa kuchapa na kuskani, basi.

Hatua ya nne: Hesabu ya pesa, na maji yahesabiwe humo

Ada utaiona kwenye kitabu, na kwa chuo cha serikali kwa kawaida haiwi mzigo mkubwa kuliko yote. Mzigo uko kwenye vitu ambavyo havimo kitabuni.

Mtanzania wa bara anaomba mkopo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ileile ya wenzako wanaobaki Mbeya. Zanzibar ina bodi yake kwa ajili ya Wazanzibari, hiyo haikuhusu. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kila msimu kuna watoto wa Makete na Ludewa wanaokosa kwa sababu ya cheti tu.

Ukipata mkopo, fedha ya chakula na malazi imekuwa shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa mwezi ni kama laki tatu. Chukua hiyo laki tatu uigawe sasa hivi, kabla hujapenda bahari: chumba, chakula, nauli ya daladala kila siku ya masomo, vifurushi vya simu, kuchapa kazi. Hosteli usiihesabu mpaka uwe na barua mkononi. Mwenye nyumba wa Unguja, kama wenzake wa Soweto ya Mbeya au Kihesa ya Iringa, anaweza kukudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Na bumu, yaani hiyo fedha ya mkopo, halifiki siku unayofika wewe. Ondoka nyumbani na pesa ya kukulisha miezi miwili. Asiyenayo aseme ukweli nyumbani mapema, maana akikwama kisiwani hata gari la mchele la kuomba lifti kurudi Uyole hatalipata.

Kisha safari. Andika kila kipande: Noah kutoka kwenu hadi Mbeya mjini, basi hadi Mbezi kwa Magufuli, usafiri hadi bandarini, boti, daladala hadi kampasi. Zidisha mara mbili kwa kurudi. Zidisha mara mbili tena, kwa sababu utataka kurudi angalau mara mbili kwa mwaka. Ongeza mpagazi wa bandarini, ambaye bei yake mpatane kabla hajaligusa begi. Jumla hiyo ihesabu kama sehemu ya ada yako. Ukiona imezidi tofauti ya ada uliyokuwa unaikimbia kwenye chuo cha binafsi cha Iringa, fikiria upya.

Hatua ya tano: Kipimo cha msiba

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakuna kitabu kinachokiandika.

Sema ni Jumanne, saa nane mchana. Uko Tunguu. Simu inaingia kutoka Kiwira: babu hatunaye. Unafika nyumbani lini?

Ukikimbia, unawahi boti ya alasiri. Boti ya kasi hadi Dar ni mwendo wa kama saa mbili. Magharibi uko bandarini, saa mbili au tatu za usiku uko Mbezi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo ukipata kiti unaondoka. Ni zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Unashuka Jumatano mchana, umevimba miguu, bado Noah ya kwenda Kiwira. Hiyo ni kama kila kitu kimenyooka. Ukiikosa boti ya alasiri, unalala na kilio chako hadi asubuhi, na unafika usiku wa manane wa Jumatano au Alhamisi alfajiri.

Mwenzako aliyeko Mkwawa amepanda basi Ipogolo saa tisa, usiku huohuo amekaa na wafiwa.

Mnawajua watu wetu. Kwa Wanyakyusa msiba ni mkutano wa ukoo, na asiyefika hukumbukwa. Kwa Wahehe na Wabena ni vivyo hivyo. Kaa na wazazi wako mezani mwambizane wazi: "Kuna misiba nitakayofika na kuna nitakayoisikia kwa simu tu." Familia inayoweza kulitamka hilo bila kugombana inaweza kumpeleka mtoto kisiwani. Nimeona wanafunzi wawili wakiacha masomo mwaka wa kwanza. Mmoja wao ada alikuwa nayo.

Kuhusu bahari yenyewe, wazazi wengi wa huku bado wanakumbuka ajali za meli za 2011 na 2012, na hofu yao si ya kuchekwa. Panda boti zenye leseni, kata tiketi dirishani, usinunue kwa mtu wa mkononi, beba kitambulisho cha NIDA, na usikubali chombo kilichojaa kupita kiasi hata kama wote wanapanda. Pasi ya kusafiria huhitaji. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, maji huchafuka na tumbo la mtu wa milimani hupata habari. Masomo yakifunguliwa mwishoni mwa mwaka utavuka majira ya tanga mbili, bahari imetulia, udhani ndivyo ilivyo siku zote. Sivyo.

Hatua ya sita: Jipime wewe mwenyewe

Joto. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, Makete na Njombe ndiyo usiseme. Kule uko usawa wa bahari, na jasho haliishi hata usiku. Mwezi wa kwanza utalala vibaya. Wengi huzoea. Feni si anasa, iingize kwenye bajeti.

Malaria, kinyume na tunavyoogopeshana, si sababu ya kukataa. Zanzibar imeibana kwa miaka mingi. Chandarua beba hata hivyo.

Dini na mwenendo ni jambo linalohitaji ukweli zaidi. Karibu watu wote wa Zanzibar ni Waislamu, na huko si suala la ibada tu, ni mpangilio wa siku nzima. Mavazi ni ya stara, kwa wasichana na kwa wavulana. Kaptula ya mpirani haitoki nje ya uwanja. Ramadhani kwa miaka hii inaangukia katikati ya masomo, mikahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani kunaweza kukufikisha polisi. Mkristo atajipikia na kula chumbani, mlango umefungwa, bila harufu ya vitunguu kuwapigia majirani kelele. Makanisa yapo, Anglikana ya Mkunazini na la Katoliki la Mji Mkongwe ni ya tangu karne ya kumi na tisa, ila usitarajie kengele kila mtaa kama Iringa. Ulanzi hauvuki maji. Kitimoto nayo isahau.

Kama unayasoma haya na kifua kinabana, hiyo ni habari muhimu kuhusu wewe, wala si dhambi. Mtu anayejiona amefungwa atasoma kwa shida. Lakini nimeona pia kijana wa Kimoraviani kutoka Rungwe aliyerudi likizo akimwambia mama yake kwamba hajawahi kuishi mahali anapoacha mlango wazi bila wasiwasi, na kwamba futari ya jirani humfikia kila jioni ingawa hafungi.

Chakula chenyewe hakitakutesa, ila majina yatakutesa. Nyanya ni tungule. Viazi mviringo ni mbatata. Shule ni skuli. Mchele wa bei nafuu unaotoka ng'ambo unaitwa mapembe, na wa kwetu unauzwa kwa jina la "mchele wa Mbeya", kwa bei itakayokufanya uwaze kwenda na gunia. Nenda nalo, au angalau kilo kumi.

Hatua ya saba: Uliza kazi iko upande gani

Shahada ya SUZA inatambuliwa nchi nzima, hilo lisikupe shida. Shida inaanza kwenye mambo yasiyo ya Muungano. Afya ni mojawapo. Kila upande una baraza lake la kusajili madaktari, kwa hiyo anayetaka kurudi kutibu Chimala au Ilembula aulize mapema taratibu za mafunzo kazini na usajili wa bara. Elimu ya msingi na sekondari nayo kila upande una wizara yake, na ajira za serikali ya Zanzibar zina utaratibu wake. Mwambie ofisa udahili hivi, kwa maneno haya: "Mimi ni wa bara na nitarudi bara. Je, mazoezi ya kazi naweza kufanyia Mbeya?" Jibu lake, au kigugumizi chake, vyote ni taarifa.

Hatua ya nane: Mtafute mtu wa kwenu aliyeko huko

Usimwulize kama ni pazuri. Atasema ni pazuri, yupo kwenye picha. Mwulize juzi alikula nini na kwa shilingi ngapi. Mwulize maji ya bombani yakoje anakokaa, maana baadhi ya mitaa yana chumvi. Mwulize mara ya mwisho kurudi nyumbani ilikuwa lini. Kisha mwombe namba ya mwanafunzi aliyekata tamaa, huyo ongea naye mara mbili.

Ukishaamua kwenda

Kwenye maombi weka kisiwa pale ambapo kozi yako inakistahili, na uache angalau chuo kimoja cha nyanda za juu kwenye orodha.

Ukifika na kupanga nyumba, mwambie mwenye nyumba akupeleke kwa sheha. Sheha ni kiongozi wa shehia, yaani mtaa au kijiji cha huko, ila ana uzito kuliko mwenyekiti wa mtaa tuliyemzoea. Anataka kujua nani kahamia kwake. Nenda na kitambulisho na barua ya chuo, umevaa vizuri, msalimie kwa utulivu, usiwe na haraka ya kibara. Siku ukiibiwa au ukiugua, yeye ndiye atakayesema "namjua huyu kijana."

Utaitwa mbara. Mara nyingi ni utani tu. Wajibu kwa "Ugonile", salamu ya Kinyakyusa, uone watakavyocheka.

Na lile koti zito la Makete usiliache nyumbani, hata kama Unguja utaona aibu kulitoa begini. Lifunge juu kabisa. Likizo ikifika, basi la usiku litakushusha Makambako kuchimba dawa saa kumi alfajiri, na utalihitaji kabla mguu wa pili haujagusa ardhi.